Barua ya Sifa za Sylvie

Jumanne, 10 Januari 2006

Kuna jambo nimelificha tangu mwaka jana. Daktari wa moyo ameacha kunipa miadi ya mbali, kwa hiyo ni afadhali niliandike: Sylvie alikosa ufadhili wa masomo kwa sababu yangu. Chuo kilitaka barua mbili za sifa kutoka kwa watu waliomfundisha. Moja ilikuwa ya mwalimu wake wa hesabu wa koleji, ya pili ilikuwa yangu. Yangu sikuituma. Nilimwambia nimeituma.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu binti yangu Trupti, ninayekaa kwake hapa Handsworth, aliondoka Bukoba akiwa na miaka sita. Anaelewa Kiswahili cha jikoni, lakini hawezi kukisoma. Sylvie anaweza, na nikishakufa daftari hili ni lake.

Jumamosi, 14 Januari

Sylvie amekuja, mabasi mawili kutoka Shard End, upande wa pili wa mji, vidole vimekufa ganzi. Amekaa karibu na hita dakika kumi kabla ya kuweza kushika kalamu.

Tulikutana maktaba miaka mitatu iliyopita. Nilikuwa bado natembea. Alikuwa amekaa mbele ya kile kitabu kinene chenye orodha ya mifuko yote ya hisani ya nchi hii, kile kisichoazimwa, ananakili majina kwa mkono huku akijisemea kwa Kiswahili. Nilimuuliza kwa Kiswahili anatafuta nini. Alishtuka kana kwamba rafu ya vitabu ndiyo iliyomsemesha. Mzee wa Kihindi mwenye fimbo, anauliza kwa Kiswahili cha shule! Alicheka mpaka mkutubi akatutazama. Tangu hapo huja kwangu kila Jumamosi, tusome na kuandika maombi.

Yeye na mama yake, Rosalie, ni watu wa Uvira. Mwaka wa tano huu wanasubiri kuamuliwa karatasi zao za ukimbizi. Mpaka zitoke, vyuo vinamhesabu mwanafunzi wa kigeni: ada ya wageni, mkopo hapati, kazi haruhusiwi kufanya. Ana alama za juu kabisa katika hesabu na fizikia, na anakaa nyumbani mwaka wa pili sasa. Anataka kusomea uhandisi wa maji. Tumeandikia mifuko arobaini na mmoja. Chuo kimoja tu, huko Scotland, hutoa kila mwaka nafasi mbili kwa vijana wa hali yake, ada pamoja na chumba. Siku ya mwisho ni tarehe 31 Machi. Wanapokea walio chini ya miaka ishirini na moja, na Sylvie anatimiza ishirini na moja mwezi wa Novemba. Mwaka ujao hakuna tena.

"Mwalimu, safari hii utaniandikia tena?"

"Nitakuandikia."

"Na utaituma mapema, please? Mama bado anasema mwaka jana kuna mtu alitufunga."

Nilimwomba aongeze moto wa hita.

Jumatatu, 16 Januari

Huyo "mtu" ana jina. Ni Gisèle, na ndiye anayeniogesha.

Anatoka Bukavu. Kampuni ya wahudumu humleta kwangu kila asubuhi saa mbili, Trupti akishaenda kazini kwenye duka lake la dawa. Anakaa mtaa mmoja na kina Sylvie, na wanasali kanisa moja kule Aston. Yeye na Rosalie walikuwa kama dada. Mwaka jana, kwa kuwa Gisèle hupita mjini kila siku, Rosalie alimpa bahasha ya fomu za Sylvie aipeleke posta. Mwanawe Gisèle, Lionel, naye alikuwa ameomba nafasi hiyohiyo akakosa mapema. Basi jibu la Sylvie lilipokuja la kukataliwa, Rosalie alikwishajua sababu: Gisèle ameikalia bahasha kwa wivu. Tangu hapo wanawake wa kanisani hawakai naye benchi moja.

Leo alinisugua mgongo akiimba.

"Papa, unakuwa mwepesi kama muhogo mukavu. Kesho nitakubeba na mukono moja, na mukono ingine nashika chai."

"Usiimwage tu hiyo chai."

"Wewe nikikumwaga haina shida?"

Nilicheka, kisha maji yakawa baridi ghafla, au nilidhani hivyo.

Alhamisi, 19 Januari

Mvua. Sikutoka kitandani.

Jumamosi, 28 Januari

Tumefanya kazi kwa saa tatu. Fomu inataka insha ya maneno mia tano: maisha yako na kwa nini unataka kusoma. Sylvie alileta maneno elfu mbili. Kuna kisima, kuna kipindupindu kilichomuua kaka yake mdogo, kuna askari waliokaa mlangoni kwao siku tatu.

"Mwalimu, hawa watu wanataka nilie kiasi gani?"

"Aya moja. Aya ya pili uwe umekwisha kujifuta machozi, unapima bomba."

"Na askari?"

"Sentensi moja."

"Siku tatu zile ziwe sentensi moja." Aliikata aya nzima kwa rula, mstari mnyoofu, bila kunitazama. Ndiyo kazi niliyomfundisha kwa miaka mitatu: kujipunguza mpaka aingie kwenye kisanduku chao. Nimewahi kujisifu kwa hilo.

Alipoondoka nilijaribu kuandika barua ya sifa. Nimeandika tarehe tu.

Jumatano, 1 Februari

Miguu imevimba. Daktari ameongeza vidonge vya kutoa maji. Gisèle anasema sasa nakojoa kuliko mtoto mchanga, na mtoto mchanga angalau hana aibu.

Jumanne, 7 Februari

Theluji kidogo, imeyeyuka kabla ya saa sita.

Jumapili, 12 Februari

Rosalie alikuja baada ya ibada, ameleta pondu ya majani ya muhogo na samaki wa kukaushwa. Ni mwanamke mwenye sauti ndogo, lakini inafika.

"Papa Mwalimu, tunafunga siku kumi na mbili juu ya ile bourse ya masomo. Pasteur amesema kuna mulango umefungwa na mutu wa karibu."

"Mama Sylvie, vyuo vina sababu nyingi."

"Sababu iko moja. Minamujua. Anakula hapa kwako kila siku."

Nilitazama pondu. Ningeweza kusema pale pale. Yalikuwa maneno mawili tu. Badala yake nilimuuliza amepika kwa mawese ya wapi. Akaeleza, kwa furaha, duka lipi la Soho Road.

Jumatatu, 13 Februari

Gisèle aliona bakuli la Rosalie kwenye jokofu. Alilijua bakuli hilo kwa mfuniko wake uliopasuka. Alilishika kidogo, akalirudisha.

"Alikuya jana?"

"Alikuja."

"Yuko muzuri?"

"Mzima."

"Mungu asifiwe," akasema, akaanza kunivua soksi. Hakutania hata mara moja leo.

Jumamosi, 25 Februari

Sylvie hakuja, ana mafua. Nyumba ilikuwa kimya namna ambayo Trupti, mtu wa hesabu za dawa na vipimo, aliitambua. "Bapuji, unamngoja yule msichana kama mtu anayengoja matokeo ya damu," aliniambia kwa Kigujarati. Nikamjibu kwamba nina kazi naye, si zaidi. "Ndiyo," akasema, "na kazi ikiisha?"

Jumamosi, 4 Machi

Nimesema.

Sylvie alikuwa ameleta fomu zote zimejazwa. Alisema, kwa mzaha, kwamba safari hii ataipeleka bahasha posta yeye mwenyewe, apande na basi la 74 kuisindikiza, maana mama yake ameapa Gisèle asiione hata stempu. Ule mzaha ndio ulionifungua kinywa.

"Gisèle hakufanya lolote," nilisema. "Ni mimi. Barua yangu ya mwaka jana sikuituma."

Nilisikia jirani, Kewal, akijaribu kuwasha gari lake nje, mara ya tatu, mara ya nne.

"Ulisahau?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, sikujiandaa kupewa njia ya kutokea. "Nilikuwa naumwa," nikasema. Ni kweli niliumwa mwaka jana. Nililazwa mwezi wa Aprili.

Akaja akapiga magoti kwenye zulia, akanishika mikono yote miwili. "Mwalimu, ndiyo maana ulikuwa unakonda? Ulikuwa unabeba hii? Ungesema tu. Ningeandika mwenyewe, usaini." Akalia kidogo, kwa ajili yangu.

Jumatatu, 6 Machi

Gisèle amefika na lipstiki. Jana kanisani Rosalie alitoka benchi la mbele, akapita katikati ya watu wote, akaenda kuketi kando yake. Baadaye wakaenda nyumbani kwa Gisèle, wakapika, wakala kwenye sahani moja kama zamani.

"Ameniomba pardon, Papa! Rosalie! Mbele ya batoto!" Alinipaka mafuta ya mgongo kwa nguvu kiasi cha kuniumiza. "Na wewe, muzee wa kusahau. Mwaka muzima mi nakula peke yangu kama muchawi, kumbe barua iko kwako imelala. Ningekuzamisha kwa hii bafu."

"Bado hujachelewa."

"Apana. Maji iko bei," akasema, akanibusu kichwani.

Jumanne, 7 Machi

Nimelala vizuri. Nimeandika barua ya sifa ya mwaka huu, kurasa mbili, hati imara kabisa. Ni barua nzuri kuliko zote nilizoandika katika miaka thelathini na minane ya ualimu. Trupti ameipeleka posta.

Jumatano, 8 Machi. Alhamisi, 9 Machi

Jua. Gisèle amenitoa mpaka mlangoni, nimekaa kwenye kiti na blanketi. Nilifikiri: labda inatosha. Kila mtu amepata alichokuwa amenyimwa, nami nimebaki na jina la mzee msahaulifu, ambalo halina uzito.

Jumanne, 14 Machi

Sylvie alipiga simu saa nne.

"Mwalimu, nimeitafuta ile barua yao ya mwaka jana ya kunikataa. Nilitaka nione walisema incomplete au vipi. Sikiliza." Akasoma. Kamati imesoma maombi yako kwa makini pamoja na barua zote mbili za sifa. "Zote mbili. Mwalimu, kama ya kwako haikwenda, ya pili ilitoka wapi?"

"Labda ni maneno wanayomwandikia kila mtu."

"Nilifikiri hivyo. Nita-check tu."

"Usiwasumbue," nikasema. "Watu wa ofisi hawapendi kusumbuliwa kabla ya uamuzi."

"Wewe ndiye ulinifundisha kupiga simu, Mwalimu."

Alhamisi, 16 Machi

Amepiga. Ofisi imemwambia kwamba faili la mwaka jana lipo. Kwa mwombaji wa mara ya pili husoma barua za zamani na mpya pamoja. Ndani kuna barua ya sifa yenye jina langu na saini yangu. Walichoandika walimu ni siri, hawezi kuonyeshwa. Lakini yule mwanamke wa ofisini, ambaye Sylvie anasema alikuwa na huruma, alimwambia hivi: kama Mwalimu anadai hakuandika barua ile, awaandikie mwenyewe kabla ya tarehe 31, nao wataiondoa. Kisha akaongeza kwamba angekuwa yeye, angefanya haraka.

"Kwa hiyo ni mbaya," alisema Sylvie. "Mwalimu, kuna mtu aliandika mabaya juu yangu akasaini jina lako."

Nilisema kifua kinabana. Kilikuwa kinabana.

Jumapili, 19 Machi

Sikusali chochote. Mvua ya mawe, fupi, kwenye paa la jiko.

Jumanne, 21 Machi

Ilichukua siku tano tu. Nani anaingia chumba cha Mwalimu kila siku? Nani anajua karatasi zake ziko droo gani, na ameona saini yake kwenye fomu za kampuni kila Ijumaa? Nani mtoto wake alikosa? Rosalie amerudi kumshuku Gisèle, na safari hii hakunyamaza. Alimwambia hayo mlangoni kwake, mtaa mzima wakisikia, akaacha sufuria ambayo Gisèle alikuwa amemwazima, juu ya ngazi, imepinduliwa juu chini.

Gisèle ameniambia haya yote akinikata kucha. Hakulia.

"Mi sijui hata kuandika Kiingereza, Papa. Lionel ndiye ananiandikia mpaka texto ya simu."

"Najua."

"Wewe unajua. Basi uwaambie."

Mkasi ulikuwa kwenye kidole changu kidogo. Alikata polepole sana, asije akaniumiza.

Jumatano, 22 Machi

Nimeikataa chai. Nimeikataa supu. Trupti anadhani ni ugonjwa.

Jumatatu, 27 Machi

Trupti amejua. Sylvie alimweleza kwa simu, kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza ilisikika kama kesi ya polisi: kughushi, nyumbani kwa mgonjwa. Trupti si mtu mbaya. Anaona mtu aliyeingia nyumbani mwake akagusa karatasi za baba yake. Tayari ameipigia simu kampuni. Kuanzia Jumamosi watamleta mwingine, na Gisèle atachunguzwa. Akipatikana na kosa hatapata tena kazi ya kuhudumia wazee popote.

"Andika tu hiyo barua ya kuikana, Bapuji. Mistari miwili. Msichana anapata nafasi yake, na yule mwanamke anaondoka. Kwani unamwonea nani huruma?"

Ni hesabu safi. Nimeirudia siku nzima. Nikiikana ile barua, wanaiondoa kwenye faili, inabaki nzuri ya mwaka huu, Sylvie anaenda Scotland, naye ananikumbuka vizuri mpaka atakapokuwa mzee. Kinachohitajika ni Gisèle tu.

Nilichukua karatasi. Naandika ukweli: niliandika mistari hiyo miwili. Niliisaini. Ilikaa chini ya kikombe mpaka jioni.

Jumanne, 28 Machi

Gisèle amekuja kama kawaida. Ameniogesha bila kuimba. Alipomaliza alisema, "Zimebakia tatu," yaani siku.

Niliichana ile karatasi baada ya yeye kuondoka. Nilipaswa kuichana mbele yake.

Jumatano, 29 Machi

Nimewaita wote. Trupti amechukua likizo ya nusu siku. Walikaa sebuleni: Rosalie na Sylvie kwenye sofa, Trupti mezani na kalamu, Gisèle amesimama mlangoni na koti lake, hakutaka kukaa.

Rosalie alianza kabla sijavuta pumzi. "Papa Mwalimu, hatukuje kwa ugomvi. Andika tu: ile barua haiko yangu. Tupeleke leo."

"Wewe Rosalie, sema na jina langu kabisa," alisema Gisèle. "Usizunguke kama nzi."

"Mungu anakujua."

"Ananijua! Hata weye ulinijua. Nani alilala na weye hospitali wakati ya operesheni? Mutoto wako alikula kwa nani siku tisa?"

"Mama, basi," alisema Sylvie. "Auntie, basi. Mwacheni Mwalimu aseme."

Wakanitazama. Trupti aliuliza kwa Kigujarati kama aanze kuandika. Nilimwambia aanze, nikamtajia kwa Kiingereza, neno kwa neno, naye aliandika mistari miwili ya kwanza kabla ya kuelewa anaandika nini. Kalamu ikasimama. "Bapuji?" Nikamwambia aendelee. Rosalie hakufuata Kiingereza vizuri. Alimgeukia binti yake kupata tafsiri, na binti yake hakumtafsiria.

Nilisaini. Trupti ameituma kwa mashine ya faksi ya dukani kwake saa tisa, na risiti ya kufika ninayo hapa. Ameipigia na kampuni simu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Kama chuo kitanisamehe kwa ajili ya Sylvie, sijui. Wanaweza pia kusema kwamba shahidi anayebadilika mara mbili si shahidi, wakazitupa barua zangu zote mbili.

Rosalie alipoelewa alifunika uso kwa kitenge. Kisha akaenda mlangoni alikosimama Gisèle, na sijui walisemezana nini, maana walitoka pamoja.

Sylvie alibaki. Alivaa koti, akafunga vifungo vyote, akavifungua, akavifunga tena.

"Kwa nini?" aliuliza. Hakuniita Mwalimu.

Sikuweza kumjibu. Alikuwa na basi la kupanda. Kwa hiyo jibu liko hapa, na kesho Gisèle, aliyesema atakuja, atampelekea daftari hili Shard End. Sylvie, ukurasa wa kwanza ni uongo. Hata peke yangu na kalamu, nikijua nakufa, niliungama kosa dogo ili nisiungame lenyewe.

Barua niliituma. Niliiandika tarehe 5 Machi mwaka jana, siku ambayo ulikuwa jikoni kwangu ukinichemshia chai na kunisomea kwa sauti ratiba za treni za kwenda Scotland. Niliandika kwamba una akili na bidii, ila bado hujakomaa kuishi mbali na mama yako, unavunjika upesi, na kwamba kama rafiki wa familia naishauri kamati isikuchukue mwaka huu. Hakuna hata neno moja la hayo nililoliamini. Nilijua sentensi ya namna hiyo inafanya nini, kwa sababu nimekaa kwenye kamati kama hizo. Ulipoondoka nilivaa viatu, nikatembea mwenyewe mpaka kwenye sanduku la posta la Soho Road, nikaitumbukiza. Nilitaka uendelee kuja Jumamosi.